Siku Moja ya Kuwinda Ndege: Bei ya Haki Ni Ngapi?

Mkulima msomaji, ukiulizwa leo kuku wako mmoja amekugharimu shilingi ngapi mpaka siku ya kumwuza, utajibu nini? Wengi wetu tutataja bei ya kifaranga na bei ya chakula, kisha tutanyamaza. Hatutawataja vifaranga waliokufa kwa baridi, wala wale waliochukuliwa na mwewe, wala mshahara wa kijana anayewalisha, wala siku ile tuliyokwenda sokoni tukarudi na kuku wale wale tuliokwenda nao.

Mwezi huu twataka kukueleza habari za wakulima wa mbali, wa Uingereza, wanaofuga ndege fulani na kuuza, si nyama yake, bali siku moja ya kumwinda. Biashara hiyo si yetu, na sheria ya Kenya hairuhusu, kama tutakavyoeleza mbele. Lakini hesabu yake ni ngumu kuliko hesabu ya kuku, na mtu akiifahamu hiyo, ya kuku haitamshinda.

NDEGE MWENYEWE

Ndege huyo jina lake ni fezanti. Ni wa jamaa moja na kuku, kwale na kware. Jogoo wake hupata uzito wa kilo moja na nusu hivi. Shingo yake ni ya kijani inayong'aa, uso wake ni mwekundu, na mkia wake ni mrefu kama fimbo ya mzee. Jike ni mdogo kidogo, na rangi yake ni kama majani makavu, apate kujificha anapoatamia. Asili yao si Uingereza bali ni bara la Asia, tangu milima ya Caucasus hata Uchina, lakini waliletwa Uingereza karne nyingi zilizopita wakazoea.

Wakiachwa mwituni huzaa, lakini hawawi wengi kiasi cha kuwatosha wenye bunduki. Kwa hiyo kila mwaka hutotolewa wengine kwa mashine. Kazi hiyo huanza mwezi wa Aprili, na kifaranga hutoka katika yai baada ya siku 24 hivi. Akifikisha majuma 6 au 7, mwenye shamba humnunua na kumtia katika zizi kubwa la wavu lililojengwa msituni, lisilo na paa. Hiyo huwa Julai au Agosti. Humo ndege hulishwa, hujifunza kulala juu ya miti ili mbweha asimpate, na kidogo kidogo huanza kuruka wavu na kwenda zake.

Hapo ndipo wasiwasi wa mwenye mali unapoanza. Kwa sheria ya Uingereza, fezanti akiwa zizini ni mali ya aliyemfuga, kama kuku. Akiisha kuachiliwa huwa ndege wa mwitu, na si mali ya mtu ye yote mpaka atakapouawa. Akivuka ua akaenda kwa jirani, huwezi kwenda kumdai. Jirani akiwa na haki ya kuwinda katika shamba lake anaweza kumpiga, akamla, asikuambie hata asante.

Basi ili ndege wasiende mbali, mkulima huwamwagia ngano mahali pale pale kila siku, tena huwapandia mazao ya kujifichia. Na mazao hayo ni yepi? Ni mahindi, na mtama, na sukuma wiki! Mama wa Kiambu akiliona shamba la sukuma wiki lililopita kimo cha kiuno, halichumwi hata jani moja, atadhani mwenyewe amefariki. Lakini gharama za shamba lile zimo katika bei, na tutazikuta tena hivi punde.

SIKU YENYEWE

Msimu wa kuwinda fezanti ni tangu tarehe 1 Oktoba hata tarehe 1 Februari. Katika England na Wales haruhusiwi mtu kuwinda ndege hawa siku ya Jumapili wala sikukuu ya Krismasi.

Wageni hukutana asubuhi, kwa desturi watu wanane. Kila mmoja huvuta kura yenye namba, na namba hiyo ndiyo ya kigingi atakaposimama. Vigingi vimepangwa kwa mstari chini bondeni. Juu kilimani, watu 15 hivi wenye fimbo na bendera huingia vichakani, wakatembea polepole, wakigonga miti na kuwasukuma ndege mbele yao, mpaka waruke juu ya vichwa vya wageni. Huo ni mfurusho mmoja. Baragumu ikilia, hakuna ruhusa kupiga tena. Nyuma ya wageni husimama watu wenye mbwa, ambao kazi yao ni kuokota ndege walioanguka na kuwamaliza upesi waliojeruhiwa.

Baada ya hapo wote huhamia bonde jingine, na kila mgeni huongeza nafasi mbili: aliyesimama kigingi cha 3 husimama cha 5. Kwa njia hiyo aliyepata mahali pabaya asubuhi hupata mahali pazuri baadaye, na hakuna wa kunung'unika ya kuwa jirani yake amependelewa. Kwa siku huwa na mifurusho 4 au 5, na katikati supu na chakula. Jioni kila mgeni hupewa ndege wawili, naye humpa mtunza ndege mkono wa kuagana wenye noti iliyokunjwa ndani ya kiganja. Bakshishi hiyo haimo katika bei.

Zamani hapakuwa na bei. Matajiri walialikana tu. Tarehe 18 Desemba 1913, mahali paitwapo Hall Barn karibu na mji wa Beaconsfield, Mfalme George wa Tano alikuwa mmoja wa wageni, na jioni walihesabiwa fezanti 3,937 waliouawa siku ile moja. Hakuna mgeni aliyeulizwa hata peni. Siku hizi ni mashamba machache yawezayo kubeba mzigo kama huo kwa ajili ya urafiki. Mengi huuza siku zao, na mkulima auzaye lazima ajue anauza nini.

WAZEE WAO WALISEMAJE

Waingereza wana msemo wa tangu siku za shilingi zao. Husema kwamba gini moja huruka juu, peni moja hulia, na nusu kraun huanguka chini. Gini ilikuwa shilingi 21, na nusu kraun ilikuwa shilingi 2 na peni 6. Maana yake ni hii: kumkuza ndege mpaka aruke mbele ya bunduki kuligharimu shilingi 21, risasi ya kumpigia ilikuwa peni moja, na nyama yake sokoni ilileta shilingi 2 na nusu tu.

Msemo huo wa zamani bado una kweli, na kwa upande wa nyama mambo yamezidi kuwa mabaya. Mnunuzi wa nyama ya mwitu mara nyingi hutoa senti chache tu kwa ndege mmoja, na iko miaka ambayo mkulima hushukuru tu wakichukuliwa wasimwozee. Kwa hiyo ye yote apangaye bei ya siku ya kuwinda kwa kuangalia bei ya nyama amekwisha kupotea. Mgeni hanunui nyama. Anunua mahali pake katika mstari, na ndege wanaopita juu yake, na kazi ya mwaka mzima iliyowafanya wapite.

KOSA LA KWANZA

Hebu sasa tufanye hesabu. Tumchukue mkulima wa mfano, mwenye shamba la mabonde katika wilaya ya Devon. Tarakimu hizi tumezipanga sisi kwa kufundishia, lakini haziko mbali na zile wanazokutana nazo wakulima wa huko kwa miaka hii. Mkulima wetu amenunua ndege 6,000 kwa pauni 4 na nusu kila mmoja, na anataka kuuza siku 15. Gharama zake za mwaka ni hizi:

Ndege 6,000: pauni 27,000
Chakula, yaani ngano na chakula cha vifaranga: pauni 14,000
Mtunza ndege, mshahara na nyumba yake: pauni 30,000
Mahindi, mtama na sukuma wiki ya maficho: pauni 3,000
Zizi, nyavu na dawa: pauni 3,000
Vibarua 20 wa kila siku ya kuwinda, pauni 40 kila mtu, kwa siku 15: pauni 12,000
Chakula cha wageni: pauni 2,500
Bima: pauni 1,500
Gari na mafuta: pauni 1,500
Jumla: pauni 94,500

Mtu mwenye haraka huchukua pauni 94,500, akagawa kwa ndege 6,000, akapata pauni 15 na senti 75. Hufurahi. Husema, “Nikiuza kila ndege kwa pauni 25 nitatajirika.” Huyo atafilisika kabla ya Krismasi.

Kwa nini? Kwa sababu katika ndege wote wanaoachiliwa, wanaofika mbele ya bunduki na kuanguka ni kama theluthi moja, na mahali pazuri hufika mbili ya tano. Waliobaki wameliwa na mbweha, wamekufa kwa maradhi, wamegongwa na magari barabarani, wamehamia kwa jirani, au wamepita juu ya wageni wakakoswa. Ndege hao wote walikula ngano. Wote walinunuliwa. Basi ni lazima gharama zao zibebwe na wale wachache walioanguka.

Mkulima wetu wa Devon hupata ndege 35 katika kila 100, yaani ndege 2,100 kwa msimu. Pauni 94,500 ukizigawa kwa 2,100 utapata pauni 45 kamili. Hiyo ndiyo gharama ya ndege mmoja. Tazama tena ilivyo hatari: mwaka mmoja mbweha wakizidi, wapatikane ndege 30 tu katika 100, basi wanakuwa 1,800, na gharama ya kila mmoja hupanda mpaka pauni 52 na nusu. Na mwaka mwingine mtunza ndege akiwa hodari wakapatikana 40 katika 100, gharama hushuka mpaka pauni 39 na senti kidogo. Bei ya ngano haikubadilika, wala mishahara. Kilichobadilika ni hesabu ya walioanguka. Kwa hiyo mkulima mwenye akili hatupi daftari lake la miaka iliyopita, wala hapangi bei kwa mwaka wake ulio bora kuliko yote. Huchukua miaka mitano, akatafuta wastani.

Tumesema anauza siku 15. Ndege 2,100 kwa siku 15 ni ndege 140 kwa siku. Kwa pauni 45, siku moja yamgharimu pauni 6,300.

KOSA LA PILI

Kosa la pili ni kuuza kwa bei ya jirani. Tuseme jirani anauza kwa pauni 40 kila ndege, na mkulima wetu, kwa kuogopa kukosa wageni, akasema pauni 40 vile vile. Ndege 2,100 kwa pauni 40 ni pauni 84,000. Amepoteza pauni 10,500, na mwaka mzima amefanya kazi. Yawezekana jirani ana mwanawe anayetunza ndege bila mshahara. Yawezekana ana ngano yake mwenyewe asiyoiandika. Yawezekana pia jirani naye anapata hasara na hajui! Katika biashara hii, kama katika biashara ya maziwa au ya viazi, wako watu wanaouza kwa hasara miaka mitatu wakidhani wanaendelea, kwa sababu pesa za wageni huja kwa mafungu na madeni huja kwa mafungu, na mkono haukosi noti.

Sasa tuseme amekuwa imara akasema pauni 50. Siku moja ya ndege 140 ni pauni 7,000, na kila mgeni katika wale wanane hulipa pauni 875. Kwa siku 15 hupata pauni 105,000. Ukitoa gharama, zabaki pauni 10,500. Kabla hujasema amenyonya watu, kumbuka ya kuwa hatukuandika cho chote kwa ajili ya ardhi yake ambayo ingelisha kondoo, wala kwa ajili ya kazi yake mwenyewe ya kupokea wageni, kujibu barua na kukosa usingizi. Pauni 10,500 ndizo malipo ya hayo yote, na ndizo akiba ya mwaka mbaya.

Tena iko kodi. Huko Uingereza, anayeuza siku za kuwinda kwa biashara, na mauzo yake yote yakipita pauni 90,000 kwa mwaka, hutoza kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20. Mgeni wa pauni 875 atalipa pauni 1,050. Kodi hiyo si ya mkulima, ni ya Serikali, lakini mgeni huitazama jumla. Mkulima asiyeitaja mapema, akaileta katika hati ya mwisho, ajue mgeni huyo hatarudi, na atawaeleza rafiki zake wote.

YALIYOTOKEA MWAKA 2022

Twaeleza habari hii kwa sababu hapa ndipo wengi walipojifunza, na wengine waliacha kabisa.

Siku za kuwinda huuzwa mapema. Mgeni hutoa arbuni wakati wa baridi, naye atakuja kuwinda wakati wa baridi inayofuata. Mkulima hutaja bei kabla hajanunua hata ndege mmoja. Basi mwanzoni mwa mwaka 2022 wengi walikuwa wamekwisha kutaja bei na kupokea arbuni. Kisha vikaja vita vya Ukraine, na bei ya ngano ya malisho huko Uingereza ikapita pauni 300 kwa tani. Gesi na umeme vya kutia joto kwa vifaranga vikapanda. Na juu ya hayo, homa ya mafua ya ndege iliingia katika sehemu za magharibi ya Ufaransa, bonde la mto Loire, mahali ambapo Waingereza hununulia sehemu kubwa ya mayai na vifaranga vya ndege hawa. Mayai yakazuiwa. Waliokuwa na ndege wa kuuza wakauza kwa bei waliyotaka, na wako waliokosa ndege kabisa wakafuta siku zao.

Mrudie mkulima wetu wa mfano. Ndege akipanda kutoka pauni 4 na nusu mpaka pauni 6, hiyo ni pauni 9,000 zaidi. Chakula kikiongezeka pauni 4,000, jumla ni pauni 13,000. Faida yake yote ya pauni 10,500 imekwenda, na bado anadaiwa pauni 2,500. Afanye nini? Akiongeza bei, amevunja neno lake mbele ya watu waliompa arbuni. Akipunguza ndege kimya kimya, amewaibia. Akinyamaza na kuvumilia, mtunza ndege wake huenda asipate kazi mwaka unaofuata, na mtu huyo anakaa na watoto wake katika nyumba ya kazi.

Walioshinda mwaka ule walikuwa wa namna mbili. Wako waliokuwa wameandika katika mapatano yao, tangu siku ya kwanza, ya kuwa bei ya ndege na ya ngano ikipanda kupita kiasi fulani, mgeni atabeba sehemu ya ongezeko au atarudishiwa arbuni yake. Na wako wengine ambao hawakuandika, lakini waliwaandikia wageni barua mapema, wakawaonyesha hesabu yenyewe mstari kwa mstari, na kuwapa nafasi ya kuchagua: kulipa zaidi, au kuwinda siku ndogo ya ndege 100. Mgeni aliyeonyeshwa hesabu huona ya kuwa haonewi. Aliyeambiwa tu “bei imepanda” hudhani anachezewa. Sisi tungependelea njia ile ya kwanza, maana mvua haingoji mtu aezeke.

NENO LA KUANDIKA KATIKA MAPATANO

Bei nzuri isiyo na mapatano mazuri ni ugomvi uliolala. Ugomvi mkubwa katika biashara hii ni juu ya hesabu ya jioni. Mgeni alilipia ndege 140. Jioni wamehesabiwa 100. Nani alaumiwe?

Desturi ya wengi ni kuruhusu kupungua au kuzidi kwa sehemu moja ya kumi. Walioanguka wakiwa kati ya 126 na 154, hakuna anayemdai mwenziwe. Wakipungua chini ya hapo, huulizwa ni risasi ngapi zilizopigwa. Kwa ajili hiyo kuna mtu mwenye kidude kidogo mkononi, akikibonyeza kila mlio. Tuseme walipatana ya kuwa risasi 4 kwa kila ndege ni kiasi cha haki, yaani risasi 560 kwa ndege 140. Zikiwa zimepigwa risasi 600 na ndege wameanguka 100, basi mkulima ametimiza kazi yake: ndege walipita, wageni wakawakosa. Lakini zikiwa zimepigwa 320 tu, ndege hawakuletwa, na mkulima hurudisha fedha za ndege waliopungua. Jambo hili ni la haki sana, na twalisifu, kwa sababu halitegemei nani mwenye sauti kubwa wakati wa chai.

Je, wakizidi? Wako wanaomtoza mgeni kwa kila ndege aliyezidi. Hapa tuna shaka. Mkulima mwenye madeni, akijua kila ndege wa ziada ni pauni 50, atafungulia bonde la tano mwezi wa Novemba ili wafike 200. Wageni wa siku hiyo watafurahi, na wengine watashtuka kuona hati. Lakini ndege hao 60 wa ziada walikuwa wa wageni wa Januari, ambao wamekwisha kutoa arbuni zao. Twaona ni afadhali kusimamisha mfurusho hesabu ikifika, na kuwapeleka wageni kula mapema.

Yako na mengine ya kuandika ambayo hayana maneno mengi: ukungu ukifunika bonde, siku itahamishwa au fedha zitarudishwa? Arbuni ni kiasi gani, na iliyobaki italipwa lini? Risasi ni za nani? Kwa kawaida ni za mgeni mwenyewe, na siku hizi mashamba mengi humtaka asilete marisau ya risasi, yaani madini yale mazito, maana yana sumu kwa anayekula ndege na kwa ndege wengine.

SIKU ZOTE SI SAWA

Siku za Oktoba ndege ni wachanga, majani bado yako mitini, na hawapendi kuruka juu. Novemba na Desemba ndiyo miezi bora, na Jumamosi hugombewa. Januari ndege ni wachache, wamekuwa wajanja, huruka juu tena kwa kasi. Mpigaji hodari huipenda Januari. Mwanafunzi huipenda Oktoba. Mkulima wa haki hauzi siku ya Januari kama ile ya Novemba. Hupunguza hesabu ya ndege, na jumla ya bei nayo hupungua.

Ardhi nayo ina neno lake. Katika mabonde ya Devon na Exmoor, ndege hutoka juu ya kilima na mgeni yuko chini kabisa, hivyo hupita juu sana na kuwapiga ni kazi ngumu. Watu hulipa zaidi kwa ndege hao kuliko wa nchi tambarare, ingawa ngano waliyokula ni ile ile. Hii si dhuluma. Mwenye bonde hakulijenga, lakini ndilo linaloleta wageni.

Twaongeza jambo moja ambalo Waingereza wenyewe hubishana juu yake. Wako wengi huko wasiopenda kabisa ndege kufugwa ili wapigwe, na hata miongoni mwa wawindaji wako wanaosema siku za ndege mia nne au mia tano zimepita kiasi, kwa sababu nyama hukosa wa kuila. Sisi twaona wanaosema hivyo wana haki. Mkulima asipojua nyama itakwenda wapi, asiuze siku hiyo.

NA KWETU?

Hapa Kenya, Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyama wa Pori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa ajili ya mchezo. Basi mtu asisome habari hii akaanza kuwakaribisha watu wenye bunduki waje kupiga kanga wa mwituni. Atakutana na askari.

Lakini mnawakumbuka kware wa miaka ya 2013 na 2014. Watu walisikia jirani anauza yai moja kwa makumi ya shilingi, wakakopa, wakajenga vibanda, wakaomba leseni, wakanunua ndege kwa bei ya juu. Kila mtu alijua bei ya jirani. Wachache walijua yai moja linawagharimu wao senti ngapi, na ni nani atakayelila wakati vibanda vimejaa nchi nzima. Bei ilipoanguka, wenye kujua gharama zao waliacha mapema; wengine waliendelea kununua chakula cha ndege wasio na mnunuzi.

Hali kadhalika wewe unayetoza watu waje kuvua samaki katika bwawa lako, au unayekodisha shamba kwa wageni wa mahema, au unayefuga kuku wa nyama kwa oda ya hoteli: chukua gharama zote za mwaka, uzigawe kwa vile tu vilivyofika mkononi mwa mnunuzi. Samaki 1,000 uliowatia bwawani si samaki 1,000 watakaovuliwa. Korongo naye anavua, na halipi.

Tumrudie mkulima wa Devon tumwache kwake. Tarehe 1 Februari imepita, bunduki zimenyamaza. Ndege waliobaki wanaendelea kupewa ngano mpaka majira ya kuchipua. Mkulima na mtunza ndege wake wameketi mezani na daftari. Wanaandika: walioachiliwa 6,000, walioanguka hivi, risasi hivi, siku zilizoharibika kwa ukungu, mbili. Ngano iliyobaki ghalani wameipima. Wakiisha kujumlisha ndipo huandika bei ya mwaka ujao, na barua kwa wageni huondoka juma hilo hilo, kabla mtu ye yote hajauliza jirani anauza kwa kiasi gani.